Pima oili kwanza, katalizeri baadaye

Swali la msomaji:

"Jambo Papa. Nina Toyota MR ya 2002, ile ndogo ya viti viwili yenye injini nyuma ya mgongo. Ilitoka Ubelgiji mwaka jana. Mwezi wa tatu taa ya injini iliwaka, skana ikatoa namba ya kosa P0420. Fundi wa hapa Kampemba akasema ni sonda ya nyuma, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, akafunga mpya, ile ya kukata waya na kuunga. Taa ikazimika siku mbili, ikarudi. Fundi wa pili anataka kukata katalizeri, kile chombo cha kusafishia moshi, atoe masega ya ndani, achomelee bomba tupu. Duka moja linaniuzia katalizeri mpya isiyo ya kiwanda kwa dola 150. Rafiki yangu ananiambia niweke kibomba cha kuinulia sonda, taa izimike, maisha yaendelee. Mwingine anasema ni sababu ya mwinuko wa Lubumbashi. Nifuate lipi? Gari linakula oili kidogo, kama lita moja kila nikienda Likasi na kurudi mara nne, lakini nadhani ni uzee tu. Asante Papa."

Mwanangu, sentensi niliyoisoma mara tatu ni hiyo ya oili, uliyoitupia mwishoni kama mtu anayetaja mafua. Kutoka hapa hadi Likasi ni kilomita kama 120, kwa hiyo kwenda na kurudi mara nne ni 960. Injini yako inabeba oili lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kila kilomita elfu moja, basi, gari linachoma zaidi ya robo ya oili yote iliyomo. Oili hiyo haiendi mbinguni. Inaungua ndani ya silinda, majivu yake yanatoka na moshi, yanaipaka sonda, kisha yanakwenda kulala juu ya masega ya katalizeri. Ndiyo maana sitakuambia ununue ipi kabla hatujamjua anayeua.

Kwanza gari lenyewe, kwa faida ya wengine wanaosoma, maana jina lake linasumbua watu. Sehemu nyingi za dunia linaitwa MR2. Japani liliuzwa kama MR-S, kuanzia 1999 hadi 2007. Kwa wasemaji wa Kifaransa ile 2 iliondolewa, kwa sababu ukiitamka MR2 kwa Kifaransa haraka haraka unatoa neno ambalo mama yako angekupiga kofi. Ndiyo sababu lako limeandikwa MR tu, na ndiyo sababu ukitafuta vipuri kwa jina hilo hupati kitu cha maana. Tafuta kwa namba ya bodi, ZZW30, au kwa jina la Marekani, MR2 Spyder.

Injini ni 1ZZ-FE, silinda nne, lita 1.8, ndugu wa ile mliyoizoea kwenye Corolla. Tofauti iko upande wa moshi. Gari lako lina katalizeri tatu. Mbili ndogo zimejengwa ndani ya manifoldi yenyewe, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, karibu kabisa na vali za moshi, ili zipate moto upesi asubuhi. Ya tatu, kubwa, iko nyuma zaidi kwenye njia ya moshi, kabla ya sailensa. Sonda nazo ni tatu: mbili za mbele, kila moja ikisikiliza silinda mbili, na moja ya nyuma. Fundi aliyezoea Corolla akifungua hapa anatafuta katalizeri moja, anaikuta ile kubwa, anaipiga kwa ngumi, haigongi ndani, anasema nzima. Zile mbili ndogo hata hajui zipo.

Sasa sonda. Ndani yake kuna seramiki ya zirkonia yenye umbo la ncha ya kidole. Nje inaguswa na moshi, ndani inaguswa na hewa safi. Ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme mdogo. Moshi wenye esansi (petroli) nyingi unaleta kama volti 0.9, moshi wenye hewa nyingi unaleta kama 0.1. Katikati, penye 0.45 hivi, ndipo penye uwiano unaotakiwa, kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Kompyuta haiwezi kukaa hapo katikati kwa utulivu, kwa hiyo inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, inaongeza tena. Sonda ya mbele iliyo nzima inaonyesha huo mchezo: juu, chini, juu, chini. Injini ikishapata moto, ishike kwenye mizunguko 2,500 na uhesabu. Ndani ya sekunde 10 inapaswa kuvuka katikati mara nane au zaidi. Ikivuka mara mbili au tatu kama mzee anayepanda ngazi, imechoka, hata kama skana haijaitaja.

Katalizeri nayo ni seramiki yenye vijitundu kama sega la nyuki, iliyopakwa platini, paladi na rodi, pamoja na seria. Hiyo seria ndiyo wauzaji wasiyoitaja kamwe, na ndiyo yenye siri ya P0420 yako. Inafanya kazi kama sifongo: moshi ukiwa na oksijeni nyingi inainyonya, moshi ukiwa na esansi nyingi inaitoa. Kwa hiyo ule mchezo wa juu na chini unaingia mbele, ukitoka nyuma umetulia. Sonda ya nyuma kwenye katalizeri nzima inakaa penye 0.6 au 0.7 na haichezi sana. Sifongo ikifa, mchezo unapita mpaka nyuma, sonda ya nyuma inaanza kuiga ya mbele, na kompyuta inaandika P0420.

Elewa basi namba hiyo inasema nini. Inasema: nimelinganisha mbele na nyuma, na vimefanana kupita kiasi. Haijasema nunua katalizeri. Wala haijasema sonda ya nyuma imekufa. Kufa kwa sonda hiyo kuna namba zake, kama P0136, au P0141 ikiwa ni hita yake. Fundi wako wa kwanza alimfukuza kazi mlinzi aliyepiga filimbi. Zile siku mbili za taa kuzimika wala haukuwa uponyaji. Alifuta kumbukumbu, na kompyuta ikahitaji muda wa kupima upya kabla ya kusema tena jambo lilelile.

Na huyo mlinzi mpya naye tumtazame. Sonda ya kukata na kuunga si dhambi, nimefunga nyingi, lakini ina mambo mawili yanayowaangusha mafundi wengi. La kwanza ni rangi za waya. Sonda za Denso, ambazo Toyota wanatumia sana, zina waya mbili nyeusi za hita, ya bluu ya ishara na nyeupe ya ardhi. Za Bosch zina nyeupe mbili za hita, nyeusi ya ishara na kijivu ya ardhi. Sasa chukua sonda ya mtindo wa Bosch, iunge kwenye plagi ya Denso kwa kufuata rangi, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe. Umepeleka umeme wa hita kwenye waya wa ishara. Nimeliona hilo kwa macho yangu, limefungwa vizuri kwa utepe mweusi, linapendeza kabisa.

La pili halijulikani sana: sonda nyingi hupata hewa yao safi kupitia ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba na plastiki yake. Inapumua kwa waya. Ukiunga kwa risasi ya kuchomelea, risasi na mafuta yake yanapanda kwenye nyuzi na kuziba pumzi. Unga kwa vibano vya kubana kwa koleo, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, na usipulizie grisi wala dawa ya kutu kwenye maungio. Pima na hita: kwa sonda za Denso za enzi hiyo, kati ya waya mbili za hita unapaswa kupata omu 11 hadi 16 sonda ikiwa baridi. Ukikosa kitu kabisa, hita imekatika.

Kabla hujatoka hapo chini, fuata waya wa hiyo sonda ya nyuma kwa mkono mpaka uone imefungwa wapi. Gari lililopita mikononi mwa wachomeleaji wawili watatu linaweza kuwa na sonda popote. Kama iko kabla ya katalizeri kubwa, basi inazikagua zile mbili ndogo za kwenye manifoldi tu, na hata ukinunua katalizeri kubwa ya dhahabu taa itarudi palepale. Kama iko baada ya ile kubwa, inakagua zote pamoja. Dola 150 zako zinategemea jibu hilo, na jibu linapatikana bure kwa tochi na jeki. Weka stendi chini ya gari, usilale chini ya jeki tupu.

Kuna mwongo mwingine wa kumtafuta: tundu. Manifoldi yenye ufa, gaketi iliyoungua, mshono wa kuchomelea wenye kijishimo mahali popote mbele ya sonda. Watu hudhani tundu linatoa moshi nje tu. Moshi wa injini unakwenda kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ndani. Sonda inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda, inaiambia kompyuta kwamba hewa ni nyingi, kompyuta inaongeza esansi ambayo haikuhitajika, na esansi hiyo inakwenda kuungua ndani ya katalizeri. Ukiona kwenye skana kompyuta inaongeza esansi zaidi ya asilimia 10 kwa muda mrefu, tafuta tundu kabla ya kitu kingine. Asubuhi injini ikiwa baridi, mwombe mtu azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene cha maji kwa sekunde chache wakati wewe unasikiliza. Tundu litajitaja lenyewe kwa mlio wa tsss, tsss, tsss.

Haya, tuje kwenye jambo lililonifanya nikujibu kwa kirefu badala ya mistari mitano.

Zile katalizeri mbili ndogo za kwenye manifoldi ni ugonjwa unaojulikana wa gari hili, popote lilipo. Seramiki inavunjika, inasagika kuwa vumbi, na kwa kuwa iko karibu sana na vali, vumbi hilo halitoki lote kwenda nyuma. Kuna dakika ndogo ambapo vali ya moshi haijafunga bado na ya hewa imeshaanza kufunguka. Hapo moshi unaweza kurudi ndani ya silinda, na vumbi linarudi nao. Seramiki ni kama msasa. Inakwaruza kuta za silinda, ringi za pistoni zinaanza kupitisha oili, oili inaungua, majivu yake yanazidi kuziharibu katalizeri, nazo zinazidi kusagika. Ugomvi wa nani alianza, ringi au katalizeri, wenye magari haya wameupigana miaka mingi. Mimi nina upande wangu: mara nyingi oili ndiyo inayoanza. Injini za 1ZZ za miaka ya mwanzo zilikuja na pistoni ambazo vijitundu vyake vya kurudishia oili ni vichache na vinaziba kwa masizi, hasa mwenye gari akichelewa kubadilisha oili. Hata Corolla isiyo na katalizeri kwenye manifoldi inakula oili kwa sababu hiyo. Lakini hata kama nimekosea, kazi ya kufanya ni ileile.

Mwaka juzi niliingiziwa gereji gari kama lako, rangi ya fedha, likivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa ameshafungiwa sonda mbili na katalizeri kubwa mpya kwingine. Nikaloweka mizizi ya sonda za mbele kwa dawa ya kutu usiku kucha, asubuhi nikawasha injini dakika mbili chuma kipate uvuguvugu, nikaingiza spana ya 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Ya kwanza ikatoka na ncha nyeupe kama chaki. Nikapenyeza tochi kwenye tundu. Palipotakiwa kuwa na sega, niliona shimo jeusi na kipande kama biskuti iliyong'atwa kimelala kwa ubavu. Upande wa pili sega lilikuwepo, lakini nilipoligusa kwa waya likasogea. Tukaingiza kamera ya waya, zile za bei ndogo zinazochomekwa kwenye simu, kupitia tundu la buji, ile inayowasha moto ndani ya silinda. Silinda ya tatu ilikuwa na mistari wima kama mtu amepitisha uma kwenye siagi. Katalizeri kubwa mpya aliyoinunua ilikuwa imeziba mdomoni kwa changarawe ya zile ndogo. Pesa aliyoitumia kuzima taa ingetosha kununua injini nzima ya mtumba.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza kwako: usiende Likasi na hilo gari kabla hujatazama ndani ya matundu hayo mawili. Ukikuta masega yote mawili yako safi, vijitundu vyote vinaonekana, hayasogei, una bahati, na una muda. Ukikuta yamepasuka, yamelika pembeni au yana vumbi la kahawia, gari linalala hapohapo.

Yakiwa yamevunjika, hapo nakubaliana nusu na fundi wako wa pili. Kwenye gari hili hasa, mimi huzitoa zile mbili ndogo na kuiacha ile kubwa ifanye kazi. Lakini sikia namna. Manifoldi inashuka, inawekwa mezani, masega yanatolewa yote mpaka chuma cheupe, inapulizwa kwa kompresa, inaoshwa, inapulizwa tena. Asikudanganye mtu kuyavunja kwa patasi kupitia tundu la sonda gari likiwa limesimama. Kila chembe anayoivunja ina njia mbili, na moja inaelekea kwenye injini yako. Kama pesa ipo, nunua manifoldi isiyo na katalizeri ndani, zipo zinazotengenezwa kwa ajili ya gari hili. Wakati huohuo weka gaketi mpya kati ya manifoldi na kichwa cha injini. Ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo itakurudisha kwenye lile tundu la tsss.

Kuitoa na ile kubwa pia, ukabaki na bomba tupu, sikubali. Bila katalizeri utanusa moshi mbichi kwenye kila taa nyekundu, na wewe unaendesha gari la kufunua paa, mdomo wa bomba hauko mbali nyuma ya kichwa chako. Na anayesimama nyuma yako ni mtu wa pikipiki asiye na kioo.

Basi katalizeri isiyo ya kiwanda. Je, zinafanya kazi? Zipo zinazofanya kazi vizuri, na zipo ambazo ni bomba lenye pambo ndani. Tofauti ni kiasi cha madini. Sisi watu wa Lubumbashi tumekulia kivulini mwa bomba refu la Gécamines, tunajua shaba inahesabiwa kwa tani. Humu tunazungumza gramu, na gramu chache tu. Mtengenezaji anayetaka kuuza kwa bei ya chini anapunguza platini, paladi na rodi, na hasa anapunguza seria, ile sifongo. Siku ya kwanza inasafisha moshi vya kutosha. Baada ya miezi kadhaa ya joto sifongo imechoka, sonda ya nyuma inaanza kuiga, na P0420 inarudi hata kama injini ni nzima. Hata Marekani, ambako zinasimamiwa, kanuni ya shirikisho kwa katalizeri hizi ilidai dhamana ya maili 25,000 tu ya kusafisha moshi. California ikaona haitoshi, na tangu 2009 inadai maili 50,000. Kama huko zenye kibali zinapimwa hivyo, ya dola 150 isiyo na alama yoyote iulize maswali.

Maswali yenyewe ni haya. Ina muhuri wa herufi E ndani ya duara na maandishi 103R yaliyogongwa kwenye chuma? Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 103, ya katalizeri za kubadilishia, na kwa gari lililotoka Ulaya ndiyo alama ya kutafuta. Stika ya karatasi si alama. Inua juu ya taa utazame kupitia: vijitundu viwe vidogo na vingi, sawasawa mpaka pembeni. Za kawaida zina kama 400 kwa kila inchi ya mraba. Zile zinazoitwa za mashindano zina 200 au hata 100, zinapitisha moshi kwa uhuru na mlio wake ni mtamu, lakini zinasafisha kidogo na P0420 inazipenda. Injini yako ya nguvu ya farasi 140 haitaona faida ya maana. Pima kipenyo cha bomba, usikubali kubanwa kwa bomba jembamba eti ndiyo iliyopo. Itikise. Ikigonga ndani ikiwa mpya, iache kaunta.

Ya kiwanda iliyotumika, iliyotolewa kwenye magari yaliyobomolewa Ubelgiji, nayo ni kamari ya aina yake. Chuma ni kizuri, madini yalikuwa mengi tangu mwanzo, ila hujui ilikula oili kiasi gani kwa mwenye zamani. Kwa injini hii, inayojulikana kwa kula oili, mimi ningechukua mpya yenye muhuri kuliko ya kiwanda isiyo na historia. Wenzangu wengine hapa watanipinga, na wana haki.

Lakini hakuna kati ya hizo itakayodumu kwenye injini inayochoma lita kwa kilomita elfu. Fosforasi na zinki zilizomo kwenye oili zinafunika madini kama rangi ya ukutani, na hakuna dawa ya kumimina kwenye tenki inayozitoa. Kwa hiyo pima. Egesha mahali tambarare, subiri dakika kumi, jaza mpaka alama ya juu ya kijiti, andika kilomita kwenye karatasi. Endesha hapa hapa mjini kilomita 300, kama masega yamekuruhusu, kisha pima tena mahali palepale. Uvujaji usio wa kuungua utauona chini ya gari. Safisha vali ya kupumulia ya injini (PCV), ile ndogo ya juu, ikitikiswa iwe na mlio wa kengele. Ikikwama inanyonyesha injini oili na ni ya bei ndogo kuliko yote niliyotaja. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, halafu tia kijiko cha oili kwenye iliyo chini, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Ringi zikiwa zimekwama kwa masizi tu, oili mpya inayobadilishwa kila kilomita 5,000 wakati mwingine inazilegeza. Kuta zikiwa na mistari, hakuna oili itakayozijaza. Hapo ni injini kufunguliwa au kubadilishwa, na kwa bahati 1ZZ si adimu.

Kibomba cha kuinulia sonda: kinaitoa ncha ya sonda ya nyuma kwenye mkondo wa moshi, isione vizuri, itulie. Kinafanya kazi. Nimekifunga mara chache, kwa mtu ambaye injini yake ilikwishapimwa, katalizeri kubwa ni nzima, na zile mbili ndogo zimetolewa, hivyo kompyuta inadai kitu ambacho hakipo tena. Kukifunga leo kwenye gari lako ni kuzima taa ya chumba ambamo mwizi bado yumo.

Mwinuko tuuache. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200, hewa ni nyepesi kidogo, nguvu inapungua kidogo, na sonda za mbele kazi yao ndiyo hiyohiyo, kumwambia kompyuta apunguze esansi kulingana na hewa iliyopo. Mwinuko hauandiki P0420. Esansi ya bidoni, ya akina Kadhafi, wale wauza mafuta wa kando ya barabara, hilo ni jingine. Ikichanganywa na mafuta ya taa inawaka vibaya, buji zinakosa moto, na esansi isiyoungua ikifika kwenye katalizeri inawaka humo mpaka seramiki inayeyuka. Taa ya injini ikiwaka tu, unaweza kufika nyumbani. Ikianza kupepesa, ondoa mguu na usimame, maana hiyo ni katalizeri inapikwa dakika hiyohiyo. Ile risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli zamani, ambayo iliua katalizeri nyingi, kusini mwa Sahara iliachwa mwishoni mwa 2005, kwa hiyo usiilaumu.

Na ukirudisha sonda mahali pake, zile za kiwanda mara nyingi zimeshapakwa dawa kwenye mizizi. Kama haina, paka kidogo ya nikeli, mizizini tu, isiguse ncha. Kaza kwa Nm 44 kama una spana ya kupimia. Usitumie silikoni ya bomba popote upande wa moshi wala kwenye hewa inayoingia injini, mvuke wake unaiua sonda na kuiacha nyeupe.

Jumamosi, basi, loweka sonda mbili za mbele tangu Ijumaa jioni, toa, piga picha ndani ya matundu yote mawili na picha ya ncha za sonda, nitumie pamoja na namba ulizozipata kwenye hita na picha ya mahali ilipofungwa ya nyuma. Mwambie mwenye duka akuwekee ile ya dola 150 kama anataka, ila usiache hata franka moja ya amana. Na kipande chochote kikidondoka kwenye kiganja chako ukitoa sonda, usiwashe injini kuirudisha gari kivulini. Isukumeni kwa mikono.